Kijiko cha Wizi

Mvua ya Rasht haijui kubisha hodi.
Baba anatwanga jozi kwa mkono;
mashine, asema, huzifanya uji.
Bata amekatwa vipande sita, lakini nyama ni kisingizio,
mwenye chungu ni komamanga:
maji yake yamechemshwa tangu alfajiri
hadi yakawa mazito, meusi, kama deni la zamani.

Mama, mzaliwa wa hapa, aliutaka mchuzi mkali,
ukali wa kufumba jicho moja.
Baba katoka Isfahani, kwao sukari ni adabu.
Miaka thelathini na mmoja,
Marjane akigeuka kuchambua mchele,
Nosrati hutumbukiza kijiko, hukoroga upesi, hukohoa.
Mama huonja. Hunyamaza.
Kisha huongeza komamanga.
Ndivyo tulivyolelewa,
kwa mchuzi uliobishaniwa bila neno.

Leo anafuata kila hatua yake.
Msumari wa moto ndani ya chungu, chwaa,
ili rangi ikolee.
Moto mdogo. Saa ya tatu mafuta yanapanda,
yanang'aa ukingoni. Tayari.

Namwona akifungua kopo la sukari.
Anatazama nyuma, juu ya bega,
mlangoni, ambako hakuna mtu.
Kijiko kinasimama hewani.

Anakirudisha.
"Ya wizi," asema, "haina utamu
kama hakuna wa kumwibia."

Tunakula. Anafumba jicho moja.
Anasukuma sahani, aongezewe.