Dirisha la Nne

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja
afisa aliponiuliza, Dhaka, katika chumba chenye feni mbili:
nyumba yenu ina madirisha mangapi?
Nikahesabu kwa vidole chini ya meza. Matatu.
Mkalimani akasema matatu. Kalamu ikaandika matatu.

Miezi michache nyuma, kule Oldham,
mtu mwingine mwenye kalamu ya aina ile ile
alimuuliza baba yangu, Toimus Ulla,
wa zamu ya usiku kiwanda cha pamba,
naye akajibu manne.

Manne yalikuwepo. Alipoondoka yalikuwepo.
Mwaka uliofuata mto Kushiyara ulikuja ukaketi jikoni siku tisa,
ukaondoka na ukuta, na dirisha, na bata wawili wa bibi.
Nani humwandikia mtu barua ya dirisha?
Tulimwandikia habari za mpunga.
Tulimwandikia kwamba Joygun ameota meno.

"Kwa kuwa majibu hayalingani," barua ilisema,
"sijaridhika kwamba mwombaji ni mwana wa mdhamini."
Sijaridhika. Neno jembamba.
Nililikariri kabla sijajua Kiingereza kingine chochote,
nikalidundisha ukutani kama mpira, miaka kumi.

Kisha ikaja habari ya vinasaba.
Daktari mmoja wa Sylhet, mikono baridi, harufu ya karafuu,
alitufunga mikanda juu ya viwiko,
mama, Joygun, mimi,
akatuambia tutazame pembeni.
Mimi nilitazama.
Ilikuwa nyeusi kuliko nilivyodhani.

Chupa zikatiwa barafu, zikapanda ndege.
Damu yangu ikaingia Uingereza kabla yangu,
haikupanga foleni, haikuulizwa
ng'ombe wenu ana rangi gani, mlango unaelekea wapi,
shangazi yako mkubwa aliolewa mwezi gani.

Wakili akatuletea picha:
mistari myeusi, minene kwa myembamba,
ngazi iliyopigiliwa na fundi mlevi.
Akatuonyesha kwa ncha ya penseli. Huu umetoka kwa mama.
Huu kwa baba. Huu kwa mama. Huu, huu, na huu, kwa baba.
Mama akajifunika uso kwa pindo la sari.
Nilidhani ni furaha.
Usiku ule akaniambia ni aibu:
kumbe miaka yote ile kulikuwa na swali juu ya kitanda chake,
na wanaume wasiomjua walikuwa wakilijadili
huku wakikoroga chai.

Barua ya mwisho ilikuwa na adabu.
Wameridhika. Kila mtu sasa ameridhika.
Mimi ni mwana wa Toimus Ulla
kwa asilimia tisini na tisa nukta tisa, na tisa nyingine
nilizochoka kuzihesabu.
Ila mtoto, kwa mujibu wa sheria,
ni aliye chini ya miaka kumi na minane,
nami, ikanikumbusha, nina ishirini na mmoja.

Damu nzito kuliko maji, sawa.
Imepimwa. Ni nzito.
Hebu weka tarehe upande wa pili wa mizani uone.

Mama na Joygun waliondoka Jumanne.
Nilibaki na mpunga, na ufunguo, na ile ngazi ya mlevi
ndani ya bahasha ya kaki.

Baba alipiga simu dukani kwa Mokbul.
Kiwanda kimefungwa, akasema. Joygun anakohoa.
Mama yako anauliza kama umefunika pipa la mchele.
Kisha kimya; nikasikia sarafu zikishuka
moja moja, huko aliko, kwenye tumbo la simu.
"Surman," akasema, "madirisha mangapi siku hizi?"

Ukuta wa jikoni niliujenga upya msimu wa kiangazi,
matofali ya kuchoma, fremu ya mti wa jekfruti.
Sikuwa nimemwandikia.

"Manne," nikamwambia.

"Si niliwaambia," akasema,
na sarafu zikaisha.