Chati ya Chumba Namba Tano

Saa nane mchana, Nyalenda.
Nimetoka zamu ya usiku, sijalala.
Kipimajoto kilichostaafu friji ya chanjo
nimekitundika msumarini, juu ya kitanda:
thelathini na sita.
Mabati yanalia tak, tak,
na mimi natafuta ubavu usio na jasho.

Ukuta wa kulia una dirisha.
Wa kushoto ulikuwa nalo;
Mama Aduda aliliziba kwa matofali
akaongeza chumba namba sita.
Upepo wa ziwa hufika saa tisa,
unabisha, unachungulia, unageuka.
Nani huingia nyumba isiyo na pa kutokea?

Nikamwita fundi Wafubwa.
Aliwasha njiti, akaizima, akaufuata moshi kwa macho:
ulipanda, ukagonga bati, ukakaa.
"Joto lako, sista, ni mpangaji
asiyejua pa kuhamia."
Akatoboa juu, karibu na paa,
matundu manane ya ukubwa wa kiganja,
akayavalisha wavu wa mbu.
Vumbi la matofali likaingia kwenye uji wangu.

Nikaandika: thelathini na nne.
Nyuzi mbili tu! Nikanuna.
Wafubwa akakitoa kipimajoto nje,
kwenye kivuli cha tangi la maji:
thelathini na tatu.
"Upepo hautoi kitu usichokuwa nacho.
Mchana unakuondolea moto wa bati, basi.
Ngoja usiku,
vilima vya Nandi vikianza kupumua."

Usiku wangu wa mapumziko nikafungua dirisha,
nondo mpya, wavu, na filimbi chini ya mto,
maana wezi nao hupenda hewa.
Saa tisa ikaja, safari hii kutoka nyuma,
imepitia Miwani, inanuka miwa iliyochomwa,
ikaingia kwa matundu, ikatokea dirishani.
Nikaushika ukuta kama ninavyoshika paji la mgonjwa.
Homa ilikuwa inashuka.
Ishirini na tatu.

Alfajiri nikafunga kila kitu
jua likiwa bado linavaa.
Saa nane: thelathini na moja.
Si muujiza. Nililala hadi saa kumi.

Kilichoniamsha ni mtoto wa Akeyo, namba sita,
analia kwa joto ng'ambo ya dirisha langu la zamani.
Nimemkopesha mamake kipimajoto.
Wafubwa anarudi Jumamosi, na patasi.
Mama Aduda bado hajui.