Mashine Zisizorudi

Unaniuliza ununue ipi, Cirhuza.
Kaa kwanza juu ya hilo debe,
chai bado ya moto na Kadutu haikimbii.

Nina tatu mezani.

Huyu wa rangi ya machungwa tunamwita Padri.
Asubuhi haamki bila kukohoa:
mvuto wa kwanza, wa pili, wa tatu, ndipo misa inaanza.
Lakini akishaanza, ndugu yangu,
mkaratusi wa kukumbatiwa na watu wawili
anaupita kama kisu kwenye bugali uliolala.
Anakunywa esansi kwa adabu.
Filitri yake naisugua kwa mswaki wa zamani wa mwanangu.
Miaka saba: nimebadilisha buji,
na kamba ya kuvutia mara mbili.

Hii nyeupe ni nyepesi. Vijana wa Walungu wanaipenda
kwa sababu inapanda mlima begani bila kuuma mfupa.
Inamshinda Padri kwa mbio, sikufichi.
Nilizipima kwa gogo moja nyuma ya kanisa, saa ya simu mkononi:
nyeupe ilitoka upande wa pili,
Padri bado yumo kwenye moyo wa mti.
Ila ipe esansi iliyochanganywa na oili kwa jicho,
kama wanavyochanganya wale wauza chupa barabarani,
pistoni inachubuka kama goti la mtoto.
Ni mashine ya mtu anayepima.
Wewe unapima?
Usinijibu.

Ya tatu ina jina la kampuni kubwa,
herufi moja tu imekosewa.
Wiki ya kwanza utanisalimia kwa furaha.
Siku ya arobaini, iletee sanduku.
Breki yake ya mnyororo ni pambo, kama hereni.
Muulize Nshokano, anauza vocha pale Nyawera,
kazi ya kuketi;
hakuichagua yeye, msumeno ulimchagulia.

Watu wanadhani nguvu ni mngurumo.
Mimi nasikiliza kinachofuata:
ukiachia kidole, mnyororo unasimama baada ya muda gani?
Ndani ya huo muda ndimo mguu wako unamokaa.

Basi. Ningekuwa muuzaji, ningeishia hapo.
Lakini mimi ni fundi,
na fundi anazijua mashine zinazougua tu.
Zilizo nzima hazina habari naye.

Kuna moja ya kijani nilimuuzia Zihindula wa Bunyakiri.
Haikurudi hata kukazwa skrubu.
Mwaka mzima niliwasifia wateja:
ile ya kijani, jamani, haijawahi kurudi!
Niliuza nne kwa sifa hiyo.

Halafu Nabintu, mke wake, alifika pamoja na mvua,
akaiweka hapa, mbele yangu, imefungwa kwa kitenge.
Haikuwa na kosa. Mnyororo mkali, tangi nusu.
"Mti uligeuka," alisema. Maneno mawili.
Akaomba nimtafutie mnunuzi.

Tangu siku ile sijui tena kuhesabu.
Isiyorudi ni imara,
au mwenyewe ndiye hayupo wa kuirudisha?
Kwenye daftari langu safu hizo mbili zinafanana,
nyeupe kwa nyeupe.

Iko pale chini ya benchi. Sijaiuza.
Pesa nilimpelekea Nabintu, nikasema mnunuzi ni mtu wa Panzi.
Jumamosi, nikimaliza kufagia unga wa chuma, naivuta,
na inawaka. Mvuto mmoja, Cirhuza, kila Jumamosi,
kama mbwa aliyesikia hatua langoni.
Naizima kabla jirani hajalalamika.

Kwa hiyo chukua Padri, kama una kifua cha kuvuta.
Chukua nyeupe, kama una kikombe cha kupimia.
Bei tutaelewana.
Na siku utakapomaliza shamba la mjomba wako kule Nyangezi,
rudi hapa, hata kama mashine ni nzima.
Rudi uniambie haina shida.
Nitakuandika kwa wino.