Safu ya Nne

Kiwandani kwetu Kizota hatuna kadi ya bima.
Kampuni hulipa yenyewe, kutoka mfuko wake,
na kila tarehe tano bili ya hospitali hunijia mimi,
karani wa hesabu, ndani ya bahasha ya kaki
ambayo haijawahi kutiwa gundi.

Safu ya kwanza jina. Ya pili idara.
Ya tatu kiasi.
Ya nne sikuiomba: ugonjwa, na dawa yake.

Ndivyo nilivyojua, kabla ya mumewe,
kwamba Sechelela wa kufunga madumu
ana mimba ya wiki tisa.
Ndivyo ninavyojua kwa nini Chidawali wa kukamua alizeti
husogeza mbali kichupa cha chumvi.
Na Nyemo wa mizani, mwenye kicheko kuliko wote,
najua vidonge vyake vya usiku ni vya nini.
Nikipishana naye getini namsalimu haraka,
natazama viatu.
Kujua bila kuambiwa ni kuvaa shati la mtu:
linakuenea, ila jasho la ndani si lako.

Mwezi wa tatu meneja aliweka kalamu juu ya mstari mmoja.
"Laki nne na themanini. Nani huyu anayetukausha?"
Jina lilikuwa mbele yake. Alitaka nilitamke mimi.
Nikasema, "Mtu wa ghala, bosi."
Ghalani walikuwa kumi na mmoja.
Mkataba wa mmoja wao haukufika Juni.

Hakuna aliyesema neno,
ila bili ikaanza kukonda.
Chidawali alipanda basi la Manyoni, eti msibani.
Sechelela akahamia zahanati ya masista, akalipa mkononi.
Wengine wakarudia mizizi ya sokoni Majengo,
inayofungwa kwa gazeti, isiyouliza jina.

Mimi? Agosti, upepo ukisomba vumbi,
nilikohoa wiki tatu ndani ya leso,
kisha nikaenda kupima Chamwino, kofia imeshuka machoni.
Risiti nikaichana,
vipande nikavidondosha kimoja kimoja njia nzima.

Desemba, kwenye pilau na soda za kufunga mwaka,
meneja alisimama na karatasi niliyomchapia mwenyewe.
"Gharama za matibabu zimeshuka nusu kwa nusu.
Hongereni. Mwaka huu tumekuwa na afya."

Tukapiga makofi.
Nyuma kabisa, mtu akabana kikohozi.
Sikugeuka.