Sekunde Tisa

Ukumbi wa jumuiya ya akina mama, Ibra, Alhamisi baada ya Isha.
Viti themanini vya plastiki, arubaini vimekaliwa,
kiyoyozi kinanguruma kama mgeni asiyejua hotuba imeanza.
Mezani nimepanga miaka yangu kumi na mmoja:
makala sita, kila moja ndani ya jarida la rangi ya majivu,
na kisanduku cha vipindi vya redio
ambavyo watu walivisikia wakipika, wakavisahau wakipakua.

Nimezoea wasomaji wawili,
wote hawana majina, wote hawana haraka:
fafanua istilahi, ongeza marejeleo.
Leo wamekuja wenye majina.
Bi Shinuna na mkoba wake, Bi Ghaniya na magoti yake,
mwalimu Harith, mstaafu wa jiografia, kofia imelala upande,
na mjukuu wa mtu anajipepea kwa ikisiri yangu.

Nilianza kwa Kiarabu, maana mwaliko ulisema Kiarabu.
Kwenye slaidi ya tatu nikateleza kwenye Kiswahili
na viti vikasikika vikivutwa mbele.
Nikasema: niliwahoji wanawake ishirini na wawili
waliorudi hapa
(au waliokuja, neno hilo bado sijalimaliza)
kutoka Unguja, Tabora, Bujumbura,
na masanduku ya bati, na Kiarabu cha juzuu tu.
Nikasema "wahojiwa", nikawaona wanatafutana kwa macho.

Kisha nikawasha sauti. Mhojiwa namba saba.
Siku ya kwanza hapa, uliona nini?
"Niliona milima. Nikauliza, kwani miti imekwenda wapi?"
Halafu kimya.
Sekunde tisa.
Juu ya sekunde hizo nimeandika kurasa kumi na nne:
kimya kama kumbukumbu, kimya kama jeraha,
kimya kama nyumba iliyofungwa, ufunguo umebaki ng'ambo.
Watu wa mbali, nisiowajua, wamezinukuu.

Mkono ukanyanyuka safu ya pili.
"Namba saba ni mimi."
Akasimama Bi Shinuna, kipaza sauti akakikataa.
"Kwanza, mwanangu, mimi nina jina.
Nilikutajia, ukaliandika kwa kalamu ya buluu."
Nikaeleza maadili ya utafiti. Nikaeleza faragha.
"Faragha gani, na sauti hii hata muuza samaki anaijua?"
Wakacheka. Akangoja wamalize.
"Pili, hicho kimya chako.
Nilikuwa na tende mdomoni.
Sahani ulinisogezea wewe mwenyewe.
Ulitaka niseme huku natafuna?"

Ukumbi ukapasuka.
Bi Ghaniya alimpiga jirani yake bega,
mwalimu Harith alivua miwani akafuta macho,
nami nikacheka nao, ningefanyaje,
nimezikumbatia kurasa kumi na nne
kama mtu aliyebeba mtungi akasikia unavuja.

Majarida matatu yalinunuliwa.
La nne liliwekwa chini ya birika la kahawa, lisiunguze kitambaa.
Halua iliisha kabla ya maswali.
Nikakunja nyaya, nikatoka na boksi hadi kwenye maegesho,
na alikuwa pale, anamngoja mwanawe alete gari,
upepo wa vumbi unamvuta pindo la buibui.

"Niwie radhi, Bi Shinuna. Nitaandika masahihisho."
Hakujibu. Alitazama upande wa milima,
ambayo saa hizo haionekani,
akatazama mpaka nikabadilisha mkono wa kubebea boksi.
"Ilikuwa khalasi," akasema. "Mbivu, laini.
Ile hata kibogoyo anaimaliza kwa sekunde mbili."

Gari likaja. Akaingia, akahangaika na mkanda,
mwanawe akainama akamfungia.
Kioo kikashuka nusu:
"Na jina uliandike kamili.
La baba pia."