Sampuli ya Kumi na Saba

Eusebio hupakia kungali na giza,
madumu mia na ishirini ya maji ya kunywa,
na ikifika saa nane mchana mjini Hermosillo
bodi ya gari lake huunguza kama kikaango.
Bado madumu arobaini. Yanangoja wateja.
Maji yakingojeshwa juani hayakai bure.

Kila dumu lina picha ya mlima wenye theluji.
Theluji! Huku, ambako mbwa huvuka lami mbio
na soli ya kiatu hutaka kubaki nyuma.
Chini ya mlima, kwa wino wa buluu: SAFI.

Mimi ni Otilia. Kazi yangu ni kulihoji neno hilo.
Ghorofa ya pili, maabara ya manispaa,
mashine moja inayokohoa kama friji ya marehemu baba,
na mrija mwembamba unaonyonya tone, kisha tone.
Natafuta antimoni,
madini waliyoyatumia kuipika plastiki
yakasahaulika humo, kama sindano ya fundi
ndani ya bitana ya koti.
Huchomwi siku ya kwanza.
Unavaa, unavaa, unalizoea koti,
halafu siku ya joto unainua mkono.

Sampuli ya kwanza, ya ghalani, kivulini: karibu kimya.
Ya tisa, wiki mbili nyuma ya duka la Yadira: ikaanza kunong'ona.
Ya kumi na saba niliichota mwenyewe
garini kwa ndugu yangu, Julai, digrii arobaini na sita,
naye akanishikia kizibo, anacheka:
“Dada, andika kwamba nimekupa bure.”

Nambari ilipanda mara nne.
Nikaosha vyombo, nikarudia. Mara nne.
Nikaipeleka kwenye mstari wa sheria:
bado iko chini.
Mkuu wangu akagonga muhuri, IMEPITA,
akaenda kula.

Aliyeuchora mstari huo, alikuwa na kiu ya miaka mingapi?
Maana mama hunywa glasi nane. Na kahawa.
Na maharage yaliyolala humo usiku kucha.
Na kitinda mimba wa Eusebio, miezi mitano,
maziwa yake yote ya unga hukorogwa kwa maji hayo;
mwili wake mzima haufiki hata nusu ya uzito wa dumu.
Haba na haba...
siwezi kuimaliza methali hii mezani kwao.

Na bomba je? Bomba la mtaa wetu
hutoa maji muda wa saa mbili kwa siku,
rangi ya chai, harufu ya msumari.
Mwenye kiu usimwambie achague
kati ya kutu anayoiona na kitu asichokiona.

Jumamosi nilimnunulia turubai jeupe.
Sikumpa hotuba. Nilisema tu,
“Lifunike gari. Lebo zako zinapauka.”
Alilifunga kwa kamba za viatu vya mwanawe mkubwa,
likapepea njia nzima kama shuka la hospitali,
wateja wakamtania, akaliacha.

Agosti nimepima tena. Imeshuka.
Sufuri haijafika, na sidhani itafika,
lakini imeshuka, na nimekaa na karatasi ile mkononi
hadi mfagiaji akazima taa nikiwa ndani.

Jioni Eusebio ananiuliza, kiganja juu ya turubai:
“Zile lebo, zinaendeleaje?”
Ananitazama kwa muda mrefu kuliko swali lenyewe.
Kumbe anajua. Tangu lini, sijui.

“Afadhali,” nasema.

Mama anamimina glasi tatu.
Tunakunywa polepole,
kama watu wanaosikiliza jirani upande wa pili wa ukuta.