Laini ya Pili

Studio yetu ni chumba kimoja juu ya duka la misumari,
Osmala, kaskazini mwa Michigan,
mji ulioachwa na shaba bila hata talaka.
Mlingoti wetu hauoni mbali. Ukivuka daraja la reli
tunageuka mkwaruzo.

Mimi ni mshika vitufe. Sauti yangu haijaruka hewani
ila siku ile niliyopiga chafya,
na watu wanne wakapiga simu kuniombea afya.

Saa tatu kamili Eila Karvonen huvuta kiti,
hupuliza kahawa katika kikombe cha mchango
(kila mchangiaji hupewa kimoja, mji mzima unanywea humo)
na kusema, "Haya, nani yuko macho?"

Wote wako macho.
Mbwa wa akina Gagnon amepotea, mweusi, sikio moja limekatika.
Kanisani kuna supu Alhamisi.
Reino analilaumu greda la theluji: limefukia sanduku lake la barua
mara ya tatu, na anajua ni makusudi.
Mkate wa iliki utiwe mayai mangapi? Hapo ndipo panapowaka,
kila mwamba ngoma ngozi akiivutia kwake
mpaka Eila awakate kwa taarifa ya hali ya hewa.

Jumatatu ile iliwaka laini ya pili.
Verna, wa barabara ya Shimo Namba Sita,
sauti ya mtu aliyejizoeza kabla ya kupiga.
"Mama yangu alikuwa na neno. Usiku,
akishafukia makaa jivuni, akishafunga mlango wa jiko,
alilisema. Si sala. Si usiku mwema.
Neno moja, la Kifini. Nililala nalo utoto mzima
na sasa silioni."

Silioni, alisema, kana kwamba ni ufunguo.

Jumanne watu walileta maneno.
Huyu *zimika*, yule *tulia*, mwingine jina la paka.
Mwalimu mstaafu akaanza kusoma kamusi kutoka H;
tulimkatiza kwenye K.
Verna alimjibu kila mmoja kwa adabu:
"Umekaribia. Lakini si hilo."

Jumatano alipiga muuguzi wa nyumba ya wazee.
"Bibi Saimi Ranta hajanena tangu mwaka juzi.
Redio iko dirishani pake. Mlipotaja makaa
akasema kitu. Mimi mtu wa Manila, sikukishika."

Eila akamwambia: "Msogezee simu mdomoni."

Sasa, katika kazi yangu kimya ni moto.
Sekunde tatu, natia muziki. Sekunde tano, mkubwa anapiga.
Kidole kilikuwa tayari.
Eila akaninyooshea kiganja: acha.

Tukasikia pumzi.
Kijiko kikiwekwa sahanini.
Pumzi tena, ya mtu anayepanda ngazi na mzigo.
Sekunde kumi na tisa. Nilizihesabu.
Neno halikuja.

Hakuna aliyezima. Duka la chini, niliambiwa baadaye,
mteja alisimama na misumari mkononi
hadi mwisho, kisha akasahau kulipa.

Laini ya pili ikawaka.
Verna hakusema amelipata,
na Eila, anayeuliza kila kitu, hakuuliza.
"Mama alivuta pumzi hivyo hivyo," akasema,
"kabla ya kulisema."
Nyuma yake tukasikia mlango wa chuma
ukifungwa polepole.

Kisha hali ya hewa: theluji, inchi nane.
Na mbwa wa akina Gagnon
bado hajaonekana.